Kupiga na Kuhariri Picha kwa Simu: Mwongozo Kamili kwa Anayeanza

Mpige picha mtu mweusi aliyevaa kanzu nyeupe, saa saba mchana, mbele ya ukuta wa chokaa. Simu itakupa moja kati ya mawili: kanzu nzuri na uso uliozama gizani, au uso unaoonekana na kanzu iliyoungua mpaka tarizi ya shingoni imepotea. Wengi wakifika hapo huilaumu simu na kuanza kuulizia bei ya iPhone Kariakoo. Lakini simu ya laki mbili na ya milioni mbili zote zitahangaika mbele ya kanzu hiyo, ila moja itahangaika kidogo zaidi ya nyingine.

Sababu ni kwamba kamera hubahatisha. Kipimamwanga chake kimeundwa kwa dhana kuwa vitu vyote vilivyo mbele ya lenzi, ukivijumlisha, vinarudisha mwanga wa wastani, kijivu cha asilimia 18 hivi. Ikiona weupe mwingi, inadhani mwanga umezidi, inaupunguza. Ikiona giza jingi, inaongeza. Haijui kama kilicho mbele yake ni kanzu, gunia la mkaa au shangazi yako. Simu za siku hizi zinatambua nyuso na kuunganisha picha kadhaa kwa mbonyezo mmoja, na hilo linasaidia sana, lakini kubahatisha kunabaki palepale.

Na kihistoria, kubahatisha huko hakukuwa na upande wetu. Enzi za filamu za rangi, Kodak ilisambazia maabara za kusafisha picha kadi zenye sura ya mwanamke wa Kizungu, zilizokuja kuitwa kadi za Shirley, na rangi za picha zikawa zinapimwa kwa ngozi yake. Mpaka mwaka 2021, Google ilipotoa Pixel 6, bado ilionekana ni habari kutangaza kwamba kamera imefundishwa upya kuonyesha ngozi nyeusi ilivyo. Kwa hiyo usishangae simu yako ikikutoa una rangi ya majivu. Kazi yako ni kuikosoa, kwanza wakati wa kupiga, halafu wakati wa kuhariri.

Kuiandaa simu

Futa lenzi. Nalitanguliza hili kwa sababu picha nyingi zinazosemwa "zina ukungu" zinatokana na mafuta ya vidole na jasho la mfukoni. Kitambaa laini cha pamba kinatosha, hata pindo la fulana likiwa safi.

Kisha ingia kwenye mipangilio ya kamera ufanye mambo manne. Washa gridi, ile mistari miwili ya wima na miwili ya mlalo. Zima fleshi. Zima urembo, ule unaolainisha ngozi na kuchonga kidevu bila kuombwa, kwani kwenye simu nyingi kamera ya mbele huja nao umeshawashwa. Chagua ubora wa juu wa picha. Basi.

Kuvuta kwa vidole uache, isipokuwa simu yako ina lenzi ya pili ya mbali, ambayo kwa kawaida huonekana kama kitufe cha 2x au 3x. Bila lenzi hiyo, simu inakata kipande cha katikati na kukikuza tu, jambo ambalo unaweza kulifanya baadaye nyumbani. Sogea kwa miguu.

Kuhusu megapikseli, yaani mamilioni ya pikseli, vile vinukta vinavyounda picha, usikubali kutishwa na muuzaji. Picha ya kusafisha ya 4R, yaani inchi 4 kwa 6, ikichapwa kwa nukta 300 kwa inchi inahitaji pikseli 1200 kwa 1800. Hizo ni megapikseli zaidi kidogo ya mbili.

Na kama umeshadhamiria kununua kamera kubwa ya mtumba, mulika tochi ndani ya lenzi kabla hujatoa hela. Pwani kuna unyevu, na kuvu huota kati ya vioo kama nyuzi za buibui. Lenzi ya namna hiyo iache hapohapo hata kama bei inakuita.

Mwanga ndio kazi yenyewe

Karibu na ikweta jua lina tabia zake. Mchana linakaa utosini. Dar es Salaam hupita juu kabisa ya kichwa mwanzoni mwa Machi na tena Oktoba, na hata miezi mingine saa sita na nusu mchana huwa juu vya kutosha kutia vivuli vizito kwenye macho na chini ya pua. Jioni nako halina subira, linashuka wima. Ule mwanga wa dhahabu ambao wapigapicha wa Ulaya wanaufaidi jioni nzima wakati wa kiangazi chao, sisi tunapewa nusu saa, na ukizubaa kidogo umekosa. Dar jua huzama kati ya saa kumi na mbili na robo hivi na saa moja kasorobo, kutegemea mwezi. Ukitaka mwanga huo, mhusika awe amesimama mahali pake saa kumi na moja na nusu, ameshavaa, ameshamaliza kujipaka poda.

Huwezi kusubiri jioni kila siku, kwa hiyo jifunze kutumia kivuli. Kivuli kizuri ni kile cha ukingoni: chini ya baraza, mlangoni, kwenye kibaraza cha duka, mtu akiwa ameelekea nje kwenye uwazi. Msimamishe hatua moja ndani ya kivuli, uso ukiangalia mwanga. Macho yatang'aa kwa sababu yanaakisi anga, na ngozi itapata umbo bila mng'ao mkali wa paji la uso. Kisha mwambie ageuke taratibu, kidogo kushoto, kidogo kulia, na wewe tazama pua tu. Kivuli cha pua kikianguka kwa upole upande mmoja wa shavu, hapo mwambie atulie.

Kivuli cha mti ni mtego. Mwanga unaopenya kwenye majani unatia madoa usoni, na hakuna programu itakayoyatoa vizuri.

Mtego mwingine ni turubai. Mama lishe akikaa chini ya turubai la bluu, chakula chote kinakuwa cha bluu. Hata wali mweupe unaonekana umeoza. Kwenye sherehe, mahema yenye rangi yanafanya hivyohivyo kwa nyuso za wageni, na ukuta wa kijani ulio karibu unamrudishia mtu ukijani shavuni. Macho yetu huzoea upesi na kuona kila kitu kiko sawa, wakati kamera mara nyingi inarekodi kama ilivyo. Weka karatasi nyeupe karibu na mhusika uitazame kwenye kioo cha simu: ikionekana ya bluu, na yeye ni wa bluu. Mtoe pale ukiweza.

Mandhari ya nyuma nayo ni suala la mwanga. Mtu mweusi mbele ya anga jeupe au dirisha lililo wazi anageuka kivuli, kwa sababu ile kijivu ya asilimia 18 imeshaingia kazini. Mgeuzie upande wa pili, apate mlango wa mbao, ukuta wa matofali, majani au kitambaa cha rangi nzito nyuma yake. Uso utajitokeza wenyewe.

Kubonyeza

Gusa uso kwenye kioo. Hapo simu itaelekeza fokasi na kupima mwanga kwa kuzingatia sehemu hiyo. Pembeni pa kidole pataonekana alama ya jua au mstari. Telezesha juu kuongeza mwanga, chini kupunguza. Hii ndiyo nafasi yako ya kuikosoa kamera, na ukijifunza jambo moja tu leo, liwe hili. Aliyevaa nguo nyeupe, gusa uso kisha shusha kidogo mpaka mikunjo ya kanzu irudi. Aliyevaa baibui, simu itataka kung'arisha kila kitu na baibui litakuwa la kijivu, kwa hiyo shusha tena mpaka weusi uwe weusi. Ukishika kidole kwa sekunde mbili hivi, kwenye simu nyingi kipimo kinafungwa na hakibadiliki hata ukisogea.

Ukisitasita, elemea upande wa giza kidogo. Palipoungua hapana kitu ndani, ni weupe mtupu, na hakuna wa kuurudisha. Palipozama gizani panaweza kuvutwa baadaye, japo patakuja na chenga, vile vidoadoa kama mchanga.

Chenga zenyewe zinatokana na ISO kubwa, yaani kiwango ambacho simu inakuza mwanga iliopata. Mwanga ukipungua, simu inafanya mambo mawili: inaacha shata, yaani kilango cha kuingizia mwanga, wazi kwa muda mrefu zaidi, na inakuza kwa nguvu kile kidogo ilichopata. La kwanza linaleta picha iliyotikisika, la pili linaleta chenga. Ukifungua sehemu ya Pro ya kamera yako unaweza kuamua mwenyewe. Mtu aliyetulia, 1/60 ya sekunde inatosha ukibana viwiko mbavuni. Mtoto anayekimbia au mcheza ngoma anahitaji 1/500, na hilo linawezekana mchana tu au kwenye mwanga mkali. ISO anza na 100, panda pale tu inapobidi. Usiku chini ya taa za LED ukiona mistari ya giza inapita kwenye picha, weka shata 1/50 au 1/100. Umeme wetu unapiga mizunguko 50 kwa sekunde, na spidi hizo zinaendana nao.

Upangaji wa fremu nitaupitia haraka, kwa sababu unajifunzwa kwa jicho zaidi ya maneno. Weka macho ya mhusika kwenye mstari wa juu wa gridi. Usimkate kwenye viungo, yaani kifundo cha mguu, goti, kiwiko; kata katikati ya paja au juu ya kiuno. Angalia pembe nne za fremu kabla ya kubonyeza, maana ndiko ndoo na kandambili hujificha. Mtoto mpige ukiwa umechuchumaa.

Zoezi la kwanza: doti ya kanga

Nawaanzishia wengi na kanga kwa makusudi. Haichoki, haikonyezi, na ina kila kitu kinachoitesa kamera: rangi kali, mistari iliyonyooka na maandishi.

Piga pasi kwanza. Itundike kwenye kamba au uitandaze ukutani, kwenye kivuli, mwanga ukitoka upande mmoja. Usisimame karibu sana, kwani lenzi pana ya simu inapinda kingo. Rudi nyuma hatua tatu nne, na kama una 2x itumie hapa. Simu iwe sambamba na kitambaa, isilale mbele wala nyuma. Utajua umepatia pale pindo la juu na la chini yatakapofuata mistari ya gridi. Mji, yaani sehemu ya katikati, uonekane wote, na jina, yale maandishi yake, lisomeke bila kukuza, kwa sababu mteja anasoma jina kabla hajauliza bei.

Bandika kipande cha karatasi nyeupe pembeni, piga picha moja nayo, kisha itoe upige nyingine bila kubadilisha chochote. Karatasi hiyo itakuwa shahidi wako wa rangi wakati wa kuhariri.

Nyekundu na damu ya mzee zinahitaji uangalifu wa peke yake. Simu hupenda kuzichochea, na nyekundu ikijaa kupita kiasi nakshi zote zinayeyuka kuwa doa moja. Shusha mwanga kidogo mpaka uone tena mistari ndani ya rangi.

Kuhariri, hatua kwa hatua

Tumia Snapseed. Ni ya Google, haina malipo, inafanya kazi kwenye Android na iPhone, na vitendea kazi vyake vinatosha kwa mwaka mzima wa kujifunza. Lightroom ya simu nayo ni nzuri, hasa ukianza kupiga picha za RAW, yaani ghafi, ambazo zinabeba taarifa nyingi zaidi ya JPEG, aina ya kawaida ya faili la picha. Lakini hiyo iache kwanza.

Kabla hujaanza, pandisha mwanga wa kioo cha simu ufike zaidi ya nusu na uzime ile hali ya usiku inayotia umanjano. Ukihariri kwenye kioo cha njano utaharibu kila kitu kwa kujiamini kabisa.

Kwanza, nyoosha na ukate. Kitendea kazi cha Rotate kitanyoosha upeo wa bahari ulioinama, na Perspective itanyoosha kanga au mlango uliopigwa kwa kupinda. Crop, ya kukata, inafuata hapohapo. Fanya hivi mwanzo, usihangaike kurekebisha sehemu ambayo utaikata.

Pili, rangi ya mwanga. Fungua White Balance, chagua kile kidude cha kunyonyea rangi, ukielekeze kwenye karatasi nyeupe. Utaona picha nzima ikibadilika kwa mara moja, kanga ikirudi kuwa kanga. Kwa picha isiyo na karatasi, tafuta kitu unachojua ni cheupe au kijivu: kanzu, saruji, sufuria. Ngozi isikudanganye, ngozi nyeusi ina joto la asili, ukiipoza sana inakuwa ya kijivu. Nikiwa na shaka huongeza joto kidogo badala ya kulipunguza.

Tatu, mwangaza. Hapa ni Tune Image. Telezesha kidole juu na chini kuchagua kipengele, kushoto na kulia kubadilisha kiasi. Mfuatano wangu ni huu: Highlights, yaani sehemu angavu, ishuke mpaka kanzu au anga irudishe mikunjo yake, Shadows, sehemu za giza, ipande mpaka nywele na baibui vionyeshe umbile, Brightness iguswe mwisho, na kidogo. Ukibaki kati ya 10 na 30 kila upande, picha nyingi zitatulia. Ukijikuta unafika 70, picha hiyo ilipigwa vibaya, irudie kama bado unaweza.

Saturation, ile ya kukoleza rangi, kwa picha ya biashara usiiguse. Kanga iliyokolezwa inauza haraka na inarudishwa haraka. Ambiance nayo tamu mno kwa anayeanza. Inatia giza pale palipokuwa na mwanga na mwanga pale palipokuwa na giza, na ndiyo iliyojaza mitandao picha zenye anga la zambarau.

Nne, uso peke yake. Fungua Selective, gusa shavu, bana vidole viwili kupanua au kupunguza eneo, kisha pandisha mwanga kwa 15 au 20. Uso unapanda, ukuta unabaki ulivyo. Hii ndiyo dawa ya yule mtu wa kanzu tuliyeanza naye, kama ulikubali kupiga upande wa giza kidogo ili kuokoa kanzu.

Tano, usafi. Healing inafuta kwa kugusa. Kanuni ninayoifuata: kitakachoondoka chenyewe wiki ijayo kifute, kwa mfano chunusi, doa la chai au uzi, alichozaliwa nacho mtu au anachoishi nacho kiache, labda aombe mwenyewe. Kwenye nakshi za kanga au sakafu ya vigae Healing huacha baka linaloonekana, kwa hiyo kuza picha uhakikishe.

Mwisho Details, Structure ikiwa 10 hivi kwa vitambaa na majengo. Usoni usiitumie, inachimba kila tundu la ngozi.

Sasa weka simu chini. Nenda kanywe maji, rudi baada ya robo saa, ubonyeze na kushikilia picha ili kuona ya awali, kisha uachie. Kama tofauti inakugutusha, umezidisha. Snapseed inakuruhusu kurudi kwenye hatua yoyote na kuipunguza bila kuanza upya.

Na kung'arisha ngozi? Mitaani kuna studio ambazo mtu mweusi anaingia na kutoka picha ikiwa ya maji ya kunde bila kuulizwa. Mimi nasema usifanye. Ongeza mwanga, usibadilishe rangi, na tofauti utaijua kwa kulinganisha na mkono wa mhusika: mkono na uso visipokuwa vya mtu mmoja, umevuka mpaka.

Ruhusa

Omba kabla ya kupiga, na omba tena kabla ya kuweka mtandaoni, kwani hizo ni ruhusa mbili. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019 na Tanzania ya mwaka 2022. Mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ya Kenya iliitoza shule moja zaidi ya shilingi milioni nne kwa kuweka picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Kambi za jeshi, vituo vya polisi na maeneo ya bandari usielekeze kamera kabisa. Waliomo kwenye ibada waache wamalize.

Kutuma na kusafisha

WhatsApp inabana picha. Uliyoihangaikia saa nzima inamfikia mteja ikiwa imepungua, kwa hiyo itume kama dokumenti, au bonyeza HD kabla ya kutuma. Kwa Instagram, upana wa pikseli 1080 unatosha.

Hifadhi picha ya awali kando na iliyohaririwa. Google Photos inatoa gigabaiti 15 bure, ila hizo unagawana na barua pepe zako, kwa hiyo flashi au kadi ya kumbukumbu iwepo pia. Zilizotikisika zifute siku hiyohiyo.

Ukienda kusafisha, peleka faili kwa flashi, siyo picha iliyopita WhatsApp. Waambie wasiirekebishe, kwa sababu mashine nyingi zinajiongezea mwanga na rangi zenyewe, na utarudishwa kwenye kubahatisha kulekule. Kumbuka pia karatasi haiwaki kama kioo cha simu: picha itatoka ina giza zaidi ya ulivyoiona. Ongeza Brightness kwa 10 hivi kwenye nakala ya kuchapa, toa 4R moja kwanza, toka nayo nje uiangalie juani. Ikiwa sawa, ndipo uagize zilizobaki.